Mlinzi wako mwenyewe au wa kampuni? Hesabu inayomkabili mwenye ghala Kongowea

KILA usiku, wakati wakazi wengi wa Mombasa wamelala, malori yaliyosheheni vitunguu, viazi, nyanya, kabeji na machungwa huendelea kuingia katika soko la Kongowea. Wapakuaji hubeba magunia mgongoni, mikokoteni hupishana kwenye vijia vyembamba, na madalali huanza kuulizana bei kabla ya adhana ya alfajiri.

Katika pilkapilka hizo, mtu mmoja mwenye rungu na tochi, aliyesimama karibu na mlango wa ghala, ndiye anayetegemewa kuhakikisha kuwa magunia yaliyoshushwa jana jioni yangalipo asubuhi. Huyo ni mlinzi, au bawabu kama wengi walivyozoea kumwita.

Swali linalowatatiza wafanyabiashara wengi ni hili: je, mlinzi huyo aajiriwe na mwenye biashara mwenyewe, au aletwe na kampuni ya ulinzi kwa kandarasi?

Wengi hulijibu kwa kutazama bei peke yake. Anayetaja kiasi kidogo zaidi ndiye anayepewa kazi, na mambo mengine huachwa hadi siku ghala litakapovunjwa. Siku hiyo ndipo mwenye mali hugundua kwamba hakuwahi kuuliza maswali yaliyofaa.

Kongowea, iliyoko bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, ni mahali panapoonyesha wazi uzito wa swali hilo. Soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya vyakula vya jumla katika eneo la Pwani. Wauzaji wa rejareja kutoka kisiwani, Kisauni, Likoni, Changamwe na hata kaunti jirani huja kununua bidhaa hapo.

Tangu ugatuzi uanze kutekelezwa mwaka wa 2013, soko hilo limekuwa chini ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ambayo ilirithi majukumu ya Baraza la Manispaa. Hata hivyo, askari wa kaunti kazi yao ya kwanza ni kutekeleza sheria ndogo za kaunti na kudumisha utaratibu. Mali iliyomo ndani ya ghala au kibanda cha mtu binafsi hubakia mzigo wa mwenyewe.

Si mbali na soko hilo, mahali paitwapo Kengeleni, ipo kengele ya kale ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele hiyo ilipigwa kuwatahadharisha wakazi kila hatari ilipokaribia, na waliposikia sauti yake wote walijua la kufanya.

Enzi hizo ulinzi ulikuwa jukumu la jamii nzima. Siku hizi ulinzi ni huduma inayonunuliwa, na kama ilivyo kwa kila bidhaa sokoni, mnunuzi hana budi kujua anachokinunua.

Sheria yasemaje

Kwa miaka mingi sekta ya ulinzi wa kibinafsi nchini Kenya iliendeshwa bila sheria mahususi. Mtu yeyote aliyeweza kununua sare na kukodi ofisi aliweza kujiita kampuni ya ulinzi.

Hali hiyo ilibadilika Bunge lilipopitisha Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka wa 2016. Sheria hiyo iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi, inayojulikana kama PSRA, na kuipa uwezo wa kusajili kampuni pamoja na walinzi wenyewe, kusimamia mafunzo yao na kuwachukulia hatua wanaokiuka kanuni.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba si kampuni pekee inayopaswa kusajiliwa. Mlinzi binafsi pia hupaswa kuwa na mafunzo yanayotambuliwa na kusajiliwa kwa jina lake, na mamlaka hiyo imekuwa ikitoa nambari maalumu kwa kila mlinzi aliyetimiza masharti. Mwenye biashara anayeonyeshwa cheti cha kampuni bila kuonyeshwa usajili wa mlinzi atakayesimama mlangoni pake ameonyeshwa nusu tu ya hati anazostahili kuziona.

Aidha, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamhusu mlinzi kama inavyomhusu karani au dereva. Anastahili siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Anayeajiriwa kwa muda wa miezi mitatu au zaidi anapaswa kuwa na mkataba ulioandikwa.

Wapo wafanyabiashara wanaodhani kwamba mlinzi anayelipwa kila jioni kama kibarua hana haki hizo. Sheria hiyo inasema vingine. Kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi huweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na akifukuzwa kiholela anaweza kwenda mahakamani.

Faida za mlinzi wako mwenyewe

Ubora mkubwa wa mlinzi aliyeajiriwa na mwenye biashara ni kwamba anaijua kazi na watu wake. Katika soko kama Kongowea, ambako usiku ni wakati wa kazi, mlinzi halindi mlango uliofungwa tu. Anahitaji kumtambua dereva wa lori la kawaida, hamali aliyetumwa na mteja, na kijana anayejifanya hamali ilhali hakuna aliyemtuma.

Anahitaji pia kujua tofauti ya gunia lililouzwa na gunia linaloibwa. Machoni pa mgeni, yote mawili hutoka mlangoni yakiwa mabegani mwa mtu anayetembea kwa haraka.

Mlinzi aliyekaa na biashara kwa miaka kadhaa huyajua hayo bila kuambiwa. Akithaminiwa huwa na sababu ya kuipenda kazi yake, kwa vile ustawi wa ghala ndio ustawi wake. Maagizo humfikia moja kwa moja kutoka kwa mwajiri, bila kupitia kwa msimamizi aliyeko ofisi ya mbali.

Hata hivyo, ukaribu huo una upande wake wa pili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mlinzi anayejua mahali ufunguo unapowekwa, siku ambayo fedha za mauzo hukaa ndani na saa ambayo mwenye duka huondoka, ndiye mtu ambaye wezi hutamani sana kumshawishi.

Isitoshe, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wote wa kumchunguza kabla ya kumwajiri, kumfunza, kumnunulia sare, kumtafutia wa kushika zamu anapougua, na kumwadhibu anapokosa. Mfanyabiashara ambaye ujuzi wake ni kununua viazi Nyandarua na kuviuza Mombasa huenda asiwe na muda wala ujuzi wa kufanya hayo yote.

Kumwachisha kazi nako kuna utaratibu. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi makosa yake na kumsikiliza, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akitaka, kabla ya kumfuta kwa sababu za utovu wa nidhamu au utendaji duni. Mahakama ikiona kuwa alifutwa isivyo haki, inaweza kuamuru alipwe fidia inayofikia mshahara wa miezi 12.

Faida za mlinzi wa kampuni

Kampuni ya ulinzi inapopewa kandarasi huchukua sehemu kubwa ya mzigo huo. Ndiyo inayotafuta walinzi, kuwafunza, kuwalipa na kuwapangia zamu. Mlinzi akiugua, kampuni ndiyo inayopaswa kuleta mwingine. Akikosa adabu, mteja huomba abadilishwe bila kuitisha kikao cha nidhamu.

Kampuni zilizo imara pia huwa na vitu ambavyo mwenye ghala mmoja hawezi kuvimudu kwa urahisi: redio za mawasiliano, wasimamizi wanaozunguka usiku kukagua malindo, ving'ora vilivyounganishwa na ofisi kuu, na magari ya kukimbilia mahali penye tukio.

Lakini hata hapo ni vyema kuwa na tahadhari. Gari la dharura linalofika haraka katika barabara pana za Nyali si lazima lifike haraka katikati ya soko ambalo malori yameziba njia. Mteja anayeahidiwa kwamba msaada utafika upesi ana haki ya kuomba jaribio lifanywe saa tisa usiku, siku ya soko kuu, kabla ya kutia sahihi.

Udhaifu mwingine ni kubadilishwa badilishwa kwa walinzi. Ni kweli kwamba mabadiliko hayo huzuia mazoea mabaya kati ya mlinzi na wezi. Lakini mlinzi mpya kila baada ya wiki mbili hamjui mtu, na katika soko lenye watu wengi kutomjua mtu ni sawa na kufumba macho.

Ni muhimu pia kufahamu kwamba mlinzi wa kibinafsi, awe wa kampuni au wa mwenye duka, kwa kawaida hana bunduki nchini Kenya. Katika mashambulizi ya kigaidi ya jumba la Westgate mwaka wa 2013 na hoteli ya DusitD2 mwaka wa 2019, jijini Nairobi, walinzi wasio na silaha za moto ndio waliokuwa malangoni. Kazi ya mlinzi wa aina hiyo ni kuzuia, kutambua na kupasha habari mapema. Anayetaka ulinzi wa bunduki hana budi kuomba maafisa wa polisi kwa utaratibu uliowekwa.

Jambo hilo lina maana kubwa katika maeneo ya Kisauni na Nyali, ambako magenge ya vijana wenye mapanga yamewahangaisha wakazi na wafanyabiashara kwa nyakati tofauti. Mwishoni mwa mwaka wa 2016 serikali iliharamisha makundi mengi ya uhalifu nchini, yakiwemo ya Mombasa. Mlinzi mmoja mwenye rungu hawezi kupambana na genge. Anachoweza kufanya ni kupiga simu au king'ora kwa wakati, ikiwa amepewa simu yenye salio na nambari za kupiga.

Hesabu ya kweli

Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme mwenye ghala anataka lindo moja lishikwe saa 24, siku zote saba. Hizo ni saa 168 kwa juma. Kanuni za jumla za mishahara nchini Kenya zinaweka juma la kawaida la kazi kuwa saa 52 zilizogawanywa katika siku sita, na saa 60 kwa wanaofanya kazi usiku.

Ukizigawa saa 168 kwa saa 52, utapata kwamba lindo moja linahitaji zaidi ya watu watatu, kabla hata ya kuhesabu likizo na ugonjwa. Kwa hiyo anayesema kuwa ana "mlinzi mmoja wa mchana na usiku" ama anamnyima mlinzi huyo usingizi, ama ghala lake halilindwi nyakati fulani. Mara nyingi ni yote mawili.

Chukua mfano mdogo zaidi: ulinzi wa usiku pekee, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mlinzi akifanya kazi siku sita kwa juma atakuwa amefanya saa 72, yaani saa 12 zaidi ya zile 60. Kwa mwezi hizo ni takriban saa 52 za ziada.

Tuseme mshahara wake wa msingi ni Sh18,000. Ikumbukwe kwamba agizo la mishahara lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha Sh16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba, kwa wafanyakazi wa kiwango cha chini kabisa jijini Mombasa, wakiwemo walinzi wa mchana. Mlinzi wa usiku huwekewa kima cha juu kuliko hicho, na mwajiri anapaswa kutazama agizo jipya kila linapotolewa.

Kwa mshahara huo wa mfano, marupurupu ya nyumba ya asilimia 15 ni Sh2,700. Saa moja ya kawaida, kwa kugawa mshahara kwa saa 225 za mwezi, ni Sh80. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani Sh120, hivyo saa 52 za ziada ni Sh6,240. Jumla ya mapato yake kwa mwezi ni Sh26,940.

Mwajiri naye huongeza mchango wake wa asilimia 6 kwa hazina ya uzeeni ya NSSF, ambao ni Sh1,616.40, ushuru wa nyumba za bei nafuu wa asilimia 1.5, ambao ni Sh404.10, na Sh50 za mafunzo ya viwandani. Jumla inakuwa Sh29,010.50.

Bado kuna usiku wa saba ambao mlinzi huyo amepumzika. Mtu wa kushika zamu hiyo mara nne au tano kwa mwezi, akilipwa Sh960 kwa usiku, ataongeza kwa wastani zaidi ya Sh4,000. Kisha kuna likizo, sare, viatu, koti la mvua, tochi na bima. Kwa kifupi, usiku mmoja wa ghala moja, ukilindwa kwa kufuata sheria, haugharimu chini ya Sh33,000 kwa mwezi katika mfano huu.

Hesabu hii haiko mbali na ile iliyotolewa na mamlaka yenyewe. Mnamo Januari 2024, PSRA iliagiza kwamba walinzi wa kibinafsi jijini Nairobi na viunga vyake walipwe si chini ya Sh30,000 kwa mwezi, saa za ziada zikiwemo. Agizo hilo lilizua mvutano mkali na likapingwa mahakamani, baadhi ya waajiri wakidai kuwa wateja hawataweza kulipa.

Bei ya chini inaficha nini?

Sasa, kampuni ikimjia mwenye ghala na kumwambia kuwa itamlindia lindo hilo hilo kwa Sh22,000 kwa mwezi, anapaswa kujiuliza: je, mlinzi atalipwa kutoka wapi?

Kampuni nayo hulipa mishahara, michango, sare, wasimamizi, magari, kodi ya ofisi, na inahitaji faida. Ikiwa bei yake iko chini ya gharama ya mlinzi mmoja anayelipwa kisheria, basi kuna mtu anayepunjwa. Kwa kawaida mtu huyo ni mlinzi.

Atakuwa akifanya kazi siku zote saba bila malipo ya ziada. Pengine mshahara wake utachelewa kwa miezi, au michango yake itakatwa lakini isiwasilishwe. Ndipo mwenye ghala atakapomkuta amelala saa nane usiku, asijue kwamba mchana alikuwa akiuza maji barabarani ili watoto wake wapate chakula.

Mlinzi mwenye njaa anayeachiwa ghala lenye chakula amewekwa katika jaribu ambalo watu wengi wasingelipenda kuwekewa. Hapo bei ndogo hugeuka kuwa hasara ya mwenye mali, na aliyeisababisha si mlinzi peke yake.

Katika kulinganisha bei, ushuru wa nyongeza ya thamani, VAT, usisahaulike. Huduma za kampuni za ulinzi hutozwa ushuru huo kwa kiwango cha asilimia 16. Kampuni ikitaja Sh40,000 kabla ya ushuru, mteja atalipa Sh46,400.

Mfanyabiashara aliyesajiliwa kulipa VAT, na anayeuza bidhaa zinazotozwa ushuru huo, anaweza kudai fedha hizo zihesabiwe. Lakini wengi wa wauzaji wa Kongowea huuza mazao ambayo hayajasindikwa, ambayo hayatozwi VAT, au mauzo yao hayafiki Sh5 milioni kwa mwaka. Kwao hizo Sh6,400 ni gharama kamili isiyorudi. Mshahara wa mlinzi aliyeajiriwa moja kwa moja hautozwi VAT.

Hasara ikitokea

Swali ambalo huulizwa likiwa limechelewa ni nani atakayelipa mali ikiibwa. Wateja wengi huamini kwamba kwa kuwa wamelipa kampuni, basi kampuni italipa kila kitakachopotea. Mikataba mingi haisemi hivyo.

Mara nyingi kuna kifungu kinachoweka kikomo cha fidia, kinachomtaka mteja athibitishe kwamba wizi ulitokana na uzembe wa mlinzi, au kinachomtaka aripoti kwa maandishi katika muda mfupi sana. Ghala lenye mzigo wa Sh2 milioni likilindwa kwa mkataba wenye kikomo cha Sh100,000, mwenye mali anabaki na pengo la Sh1.9 milioni.

Pengo hilo huzibwa kwa bima ya wizi. Aliyeajiri mlinzi wake mwenyewe anaweza pia kuchukua bima ya uaminifu, inayofidia hasara inayosababishwa na wizi wa mfanyakazi. Kwa vyovyote vile, ni busara kuiuliza kampuni ya bima inataka ulinzi wa aina gani kabla ya kuchagua mlinzi, kwani sharti lisilotimizwa laweza kuwa sababu ya kunyimwa fidia.

Kuna na hasara ya mwili. Mlinzi akijeruhiwa kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri wake amlipe, na inamlazimisha mwajiri kuwa na bima ya wafanyakazi wake. Kwa anayefariki au kupata ulemavu wa kudumu kabisa, fidia inafikia mapato ya miezi 96.

Kwa mapato ya Sh26,940 kwa mwezi kama katika mfano wetu, hiyo ni zaidi ya Sh2.5 milioni. Mwenye kibanda aliyemweka jirani yake kulinda usiku bila bima anaweza kujikuta akidaiwa kiasi ambacho hata akiuza biashara yote hakitoshi. Familia ya mlinzi nayo inaweza kubaki na hukumu ya karatasi isiyo na fedha.

Ikiwa mlinzi ni wa kampuni, jukumu hilo ni la kampuni. Lakini mteja bado anapaswa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na ni vyema adai kuonyeshwa stakabadhi ya bima hiyo ikiwa hai.

Njia ya kati

Si lazima mfanyabiashara achague upande mmoja. Wapo wanaochanganya: humwajiri mtu wao mwenyewe mchana, anayewajua wateja na kuhesabu mzigo unaoingia na kutoka, kisha huchukua mlinzi wa kampuni usiku. Mmoja humkabidhi mwenzake kwa maandishi, na kila mmoja huwa shahidi wa kazi ya mwingine.

Njia nyingine inayofaa soko ni wenye maghala ya safu moja kuungana. Maghala sita yakichangia lindo linalogharimu Sh46,400, kila moja hutoa chini ya Sh8,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo hupatikana mlinzi anayelipwa vyema badala ya walinzi sita wanaolipwa kwa kurushiwa sarafu.

Hata hivyo, umoja wa aina hiyo unahitaji maandishi. Ni lazima ijulikane nani mwajiri au nani ametia sahihi kandarasi, mchango hutolewa lini, asiyelipa hufanywa nini, na mlinzi hupokea maagizo ya nani. Mlinzi mwenye mabwana sita hana bwana.

Maswali ya kuuliza

Anayeajiri mwenyewe aanze kwa kitambulisho cha taifa, cheti cha maadili mema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, ushahidi wa mafunzo na usajili, na barua za waajiri wa zamani ambao watapigiwa simu kweli. Kisha aandike mkataba, amsajili kwa NSSF na bima ya afya ya SHIF, na atafute bima ya majeraha kabla ya usiku wa kwanza wa kazi.

Anayechukua kampuni adai cheti chake cha usajili na orodha ya walinzi watakaoletwa. Aulize mlinzi hulipwa kiasi gani na tarehe ngapi, na mkataba uwe na kifungu kinachoilazimisha kampuni kuonyesha kila mwezi kwamba imewasilisha michango yao. Kampuni inayokasirishwa na swali hilo imekwisha kulijibu.

Mkataba uonyeshe pia idadi ya walinzi, saa za zamu, muda ambao mlinzi asiyefika atakuwa amepatiwa mbadala, kikomo cha fidia, na notisi ya kuvunja mapatano. Mteja akikuta mlinzi mwema, aombe asihamishwe bila kushauriana naye.

Kwa pande zote mbili, maagizo ya lindo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa mahali mlinzi anapoweza kuyasoma: mlango gani haufunguliwi usiku, ni nani aruhusiwe, nani apigiwe simu kwanza. Kuwe na daftari la matukio, na mwenye biashara alisome. Daftari lisilosomwa huacha kuandikwa.

Wanaoandika majina na nambari za vitambulisho vya wageni wakumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inawataka kuzihifadhi habari hizo kwa uangalifu. Daftari la wageni lililoachwa wazi mezani kila mpita njia akalifungua ni hatari kwa wageni na kwa mwenye biashara.

Mwisho wa yote, mwenye duka dogo lisilo na mtu wa kusimamia walinzi huenda akafaidika zaidi kwa kandarasi ya pamoja na majirani. Mwenye ghala kubwa lenye shughuli usiku kucha na meneja wa kudumu huenda akapata ulinzi bora kwa kuwa na watu wake mwenyewe. Biashara zenye fedha nyingi taslimu zitahitaji ving'ora na magari ya kampuni iliyo imara.

Lakini katika hali zote hizo, kipimo cha mwisho ni kimoja. Kabla ya kulaza kichwa kwenye mto, mwenye mali ajiulize iwapo mtu aliyemwachia ufunguo wa riziki yake amekula, amelipwa na ana nambari ya kupiga hatari ikija. Kama hana hakika, basi ghala lake halina mlinzi, hata kama mlangoni pamesimama mtu mwenye sare.